Kidevu nacho ni kichwa: kaske ya uso wazi haifai safari ya Butembo hadi Kasindi

Mabishano juu ya kaske hayaishi kwenye parkingi za pikipiki za Butembo. Upande mmoja kuna motari wanaovaa integrali, ile kaske inayofunika kichwa chote pamoja na mashavu na kidevu. Upande mwingine, nao ndio wengi, kuna wenye jeti, yaani kaske ya uso wazi, inayofunika utosi, kisogo na masikio lakini inaacha uso nje. Kisha kuna kundi la tatu ambalo halistahili hata kuingizwa kwenye mabishano: wale wanaovaa kofia ya plastiki ya mafundi wa ujenzi, na wale wanaotundika kaske kwenye kiwiko cha mkono wakingoja kumuona polisi wa barabarani kwa mbali ndipo waipandishe kichwani.

Kwa kundi hilo la tatu maneno ni machache. Kofia ya ujenzi ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, si kwa mtu anayerushwa mbele akatua kwa uso. Haina mkanda wa kweli, kwa hiyo inaruka kabla mwenyewe hajagusa chini. Na kaske iliyo kwenye kiwiko hulinda kiwiko.

Ugomvi wa kweli uko kati ya jeti na integrali, na hasa kwa safari ya mbali. Motari anayezunguka katikati ya mji, kutoka soko hadi hospitali, kati ya watu na mikokoteni, mara nyingi hawezi hata kufika kilomita 30 kwa saa. Akivaa jeti nzuri na kufunga mkanda, hakuna wa kumlaumu. Lakini motari huyo huyo, akiwa na kaske hiyo hiyo, anachukua abiria na gunia na kushika njia ya Beni, kilomita 54, kisha anateremka hadi mpakani Kasindi, kilomita 80 nyingine. Hapo mchezo umebadilika, na kaske nayo ilipaswa kubadilika.

Wakaaji wanaijua barabara hii ilivyokuwa zamani. Mashimo na matope yalimlazimisha kila mtu kwenda polepole, apende asipende. Kisha zikaja kazi za kuitengeneza, kufuatana na mapatano ya Kongo na Uganda ya mwaka 2021, zinazogusa vipande hivyo viwili, Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Kila mtu alishangilia, na ilikuwa haki kushangilia: mfanyabiashara anayelala njiani siku mbili na mzigo wa ndizi anajua kwa nini. Ila barabara nzuri ina tabia yake. Pale vumbi linapoisha na lami kuanza, TVS na Bajaj ambazo zilikuwa zikikohoa kwenye gia ya pili zinakimbia kilomita 70, 80 kwa saa, zikipishana na kamio za mizigo zinazotoka duane. Ongeza jambo dogo ambalo wageni hawalifikirii: Kongo watu huendesha kuume, Uganda huendesha kushoto, na dereva aliyevuka Mpondwe jana usiku anaweza bado kuwa na upande wa jana kichwani mwake.

Sasa, mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki kwa mwendo huo, anagonga wapi? Hili si suala la maoni. Dietmar Otte, mtafiti wa Hannover huko Ujerumani, alichunguza alama za kugongwa kwenye kaske za watu waliopata ajali, akazigawa sehemu kwa sehemu. Karibu theluthi moja ya alama hizo ziliangukia upande wa kidevu na taya, mahali ambapo jeti haina kitu chochote, hata karatasi. Na ni jambo la kueleweka. Pikipiki ikigonga gari au ikiingia kwenye shimo, inasimama yenyewe kwanza. Aliyeipanda anaendelea mbele. Anaendelea na nini mbele? Uso.

Watetezi wa jeti hujibu kwamba kaske yoyote inaokoa. Ni kweli, na hakuna sababu ya kulificha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kaske hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila uchambuzi huo ulichanganya kaske za aina zote, na kuhusu majeraha ya uso haukutoa hukumu. Kuutumia kusema kwamba jeti inatosha ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa chakula kinaondoa njaa, mkate mkavu unamtosha mama aliyejifungua.

Wengine wanadhani kaske inapimwa kwa mwendo wa pikipiki: eti kwa kilomita 80 hakuna kaske inayoweza kusaidia, basi afadhali ile nyepesi. Wanakosea namna ya kuhesabu. Katika kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 22, toleo la 05, kaske hupigwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, kama kilomita 27 kwa saa, ambao ni mwendo wa kichwa kilichoanguka kutoka karibu mita tatu. Watu husikia 27 wakacheka. Lakini anayeanguka barabarani huwa na safari mbili kwa wakati mmoja: moja ya kuteleza mbele, nyingine ya kushuka chini. Mara nyingi kinachopasua fuvu ni ile ya kushuka, na hiyo haitegemei sana kama pikipiki ilikuwa kwenye 40 au 80. Ile ya kuteleza ndiyo inayokwangua nyama. Mwenye integrali anakwangua plastiki. Mwenye jeti anakwangua pua, midomo na meno.

Taya lililovunjika si jambo la wiki moja. Mara nyingi daktari hulifunga kwa waya, meno ya juu na ya chini pamoja, na mgonjwa anakaa hivyo wiki nne hadi sita akinywa uji kwa mrija. Hiyo ni kama amefika kwa daktari anayejua kazi hiyo, na katika eneo hili madaktari wa upasuaji wa taya wanahesabika. Kabla ya hapo kuna hatari ambayo watu hawaisemi: taya likivunjika, damu na ulimi hurudi nyuma kooni, na aliyezimia huku amelala chali anaweza kukosa pumzi pale pale kando ya barabara, kichwa chake kikiwa kizima ndani ya jeti yake. Motari ni mtu wa kulisha jamaa. Miezi miwili bila kuendesha ni karo ya watoto, ni deni la pikipiki kwa mwenye pikipiki, ni mke anayeanza kuuza mihogo ya mbegu.

Joto ndilo neno la kwanza utakalosikia ukiwauliza kwa nini hawataki integrali. Kasindi kuna joto, hilo linajulikana. Lakini Butembo iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, na motari wanaoondoka saa kumi na mbili asubuhi wanajua baridi ya barabara hiyo; wanajifunga makoti mawili na glavu, wanajifunika kitambaa mdomoni, halafu wanalalamikia kaske ambayo ingefanya kazi ya kile kitambaa vizuri zaidi. Joto linaanza kuteremka Beni, na ni kweli kwamba linakera mtu akisimama. Pikipiki ikitembea, integrali yenye matundu ya hewa mbele na kisogoni inapitisha upepo. Ikisimama, kioo kinafunguliwa. Hakuna aliyekatazwa kufungua kioo.

Na kuhusu kioo hicho, watetezi wa jeti wangeona aibu kama wangehesabu. Kwenye kilomita 60 kwa saa pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mdudu mmoja jichoni jioni, au changarawe moja kutoka kwenye mpira wa kamio, na mtu anafumba macho kwa sekunde mbili: amekwenda zaidi ya mita 30 akiwa kipofu, na abiria mgongoni. Zipo jeti zenye kioo kirefu, hilo lisemwe kwa haki, na ni bora kuliko zile zisizo nacho. Lakini nyingi zinazoonekana njiani hazina, au kioo kilivunjika mwaka jana na mwenyewe akakitoa, sasa anatumia miwani ya jua hadi saa moja ya usiku.

Neno la pili ni masikio. Hili ni zito zaidi, maana kwenye njia ya Beni hadi Kasindi watu hawasikilizi honi tu. Wanasikiliza risasi. Motari waliopoteza wenzao kwenye mavizio hawatanii wanaposema kwamba wanataka masikio wazi, na yeyote anayewajibu kwa dharau hajapita kule. Ila na waangalie jeti yao wenyewe: inafunika masikio sawasawa kama integrali. Kama hoja ni masikio, basi jeti nayo imeshindwa. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliofuatilia ajali karibu 900 za pikipiki mjini Los Angeles na kutoa ripoti mwaka 1981, hawakukuta kwamba kaske inamzuia mwendeshaji kusikia sauti za muhimu za barabarani wala kuona pembeni. Kinachoziba masikio kwenye mwendo wa kasi ni upepo wenyewe. Na redio zile zilizofungwa kwenye usukani, zinazopiga muziki kutoka Butembo hadi Mukulya, hizo hazizuii kusikia risasi?

Neno la tatu linatoka kwa walinzi wa usalama, na hapa wenye integrali nao wana la kujirekebisha. Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Askari aliye kwenye bariere anapoona pikipiki inakuja na watu wawili wasio na sura, ana haki ya kuogopa, kwa kuwa wauaji nao hupanda pikipiki. Motari wanajua hilo, na wengi wanakiri kwamba wanavaa jeti kusudi wasisumbuliwe. Lakini dawa yake si kuacha taya nje kwa kilomita 134 kwa ajili ya bariere chache. Dawa ni desturi moja tu: mita 50 kabla ya bariere mwendo unapungua, kioo kinapandishwa, na ukisimama kaske inatoka kichwani bila kungoja kuambiwa. Kuna hata kaske zinazoitwa modulari, ambazo sehemu ya kidevu inainuliwa juu kama mfuniko wa sanduku, uso ukaonekana wote. Wakubwa wa polisi na jeshi wangeweza kutangaza desturi hiyo kwenye redio kwa dakika tano, motari wakaifuata, na hofu ya pande zote mbili ingepungua. Mpaka leo, kinachoulizwa barabarani ni kama kaske ipo. Ipo? Pita. Kama ni ya ujenzi, kama imepasuka, kama mkanda ulikatika zamani, hayo hayamhusu mtu. Kidogo cha sigara, safari njema.

Hadi hapa maneno yote yamekuwa juu ya motari. Aliye nyuma yake je?

Abiria ndiye asiyeingia kwenye mabishano haya kwa kuwa mara nyingi hana kaske ya aina yoyote. Motari mwenye integrali yake safi, anayejisifu mbele ya wenzake, anambeba mama mwenye mtoto mgongoni hadi Beni, kichwa cha mama kikiwa na kitambaa na cha mtoto kikiwa na kofia ya sufi. Huyo naye asijione ameshinda ubishi. Kigali, ambako si mbali, kila motari hubeba kaske ya pili na abiria huivaa bila kujadiliana. Hata ikiwa ni ya uso wazi, ipo. Huku, motari akileta kaske ya pili, abiria mwenyewe anaikataa.

Na sababu zake si za kipumbavu. Kaske iliyovaliwa na watu kumi tangu asubuhi inanuka. Watu waliopitia Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliofundishwa kunawa mikono kila kona na kutogusa jasho la mwingine, hawawezi kuambiwa kirahisi waweke uso wao ndani ya sponji iliyolowa jasho la wasiyemjua. Hapa integrali ina udhaifu wa kweli, kwa kuwa inagusa mashavu na kupokea pumzi ya mdomo. Akina mama waliosuka nywele jana kwa bei kubwa nao wana neno lao. Yote haya yana jibu dogo la kitambaa: abiria anatandika kitambaa chake safi kichwani kabla ya kuvaa, na motari anachagua kaske ambayo sponji yake inatoka na kufuliwa. Anayekwenda Kasindi kila wiki kununua bidhaa, kwa nini asiwe na kaske yake mwenyewe? Ana simu mbili. Ana koti la mvua. Kichwa anakiazima.

Lipo na neno la bei. Motari husema integrali nzuri ni ghali na ile ya bei rahisi haina maana. Nusu ya kwanza ni kweli. Ila pikipiki hizo hizo zina taa za rangi chini ya kiti, vibandiko vya timu za Ulaya, na spika mbili. Lawama kubwa zaidi iwaendee wafanyabiashara. Butembo ni mji ambao watu wake wanaijua njia ya Dubai na Guangzhou kama wengine wanavyoijua njia ya shamba. Wanaleta vitenge, vipuri, simu, mabati, pikipiki nzima ndani ya masanduku. Wanaoleta pikipiki kwa mamia wanashindwa kuleta kaske zilizopimwa? Wanaleta zile ambazo ganda lake linabonyea kwa kidole gumba, na ndani mna sponji ya godoro badala ya ile povu ngumu nyeupe inayokunja nguvu ya pigo. Povu hilo ndilo kaske yenyewe. Ganda la nje ni nguo yake tu. Nalo hufanya kazi mara moja: likishabonyezwa na ajali halirudi. Kwa sababu hiyo kaske za mitumba zinazopakwa rangi mpya ni utapeli, ziwe jeti au integrali.

Kuna hoja moja ya mwisho ambayo husikika hospitalini kuliko kwenye parkingi: kwamba integrali inamvunja mtu shingo wakati wa kumvua. Ripoti ya Hurt haikuona kwamba kaske inaongeza majeraha ya shingo. Hatari iko kwenye mikono ya wasaidizi. Ajali ikitokea, watu kumi hukimbilia, na wa kwanza huivuta kaske kama anayechomoa muhogo. Mtu akiwa anapumua vizuri, aachwe nayo, kioo kifunguliwe na kichwa kishikwe kisitikisike mpaka afike mwenye ujuzi. Ikibidi kuitoa kwa kuwa pumzi inakata, iwe kazi ya watu wawili: mmoja anashika taya na kisogo kutoka chini bila kuachia, mwingine anakata au kufungua mkanda, anazipanua pande za kaske kwa mikono miwili na kuivuta polepole, akiiinamisha kidogo ili isikwame puani. Vyama vya motari hukusanya pesa za uanachama kwa kila parkingi. Somo hilo lingefundishwa asubuhi moja.

Kwa anayekwenda sokoni wiki hii, ipo namna ya kutodanganywa. Kaske iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ina kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Juu yake kuna herufi E ndani ya duara pamoja na nambari ya nchi iliyoikubali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Chini yake kuna nambari ndefu inayoanza na 05, au 06 kwa toleo jipya, na baada yake mstari na herufi. J maana yake kidevu hakifunikwi. P maana yake kidevu kinalindwa. NP ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa kuwa kaske hiyo ina sura ya integrali, inafunika kidevu kama integrali, na hailindi kidevu. Muuzaji ataipanga pamoja na zile za P na kuiuza kwa bei moja nazo. Kitambaa kinaweza kughushiwa, kwa hiyo baada ya kukisoma, ingiza kidole ndani na utafute povu gumu kwenye sehemu ya kidevu. Kisha vaa, funga mkanda, mwambie rafiki aivute kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, irudishe mezani.